Hesabu Imekwisha

Jumapili hii Mihayo hana hesabu ya kupeleka.
Jana jioni, pale Ipuli,
alimkabidhi bosi wake noti za mwisho,
akapewa kadi ya pikipiki ndani ya bahasha ya kaki
na neno moja tu: "Haya."
Miezi kumi na sita,
kila siku elfu kumi, jua na mvua, harusi na msiba,
ikaishia kwenye haya.

Asubuhi akanipigia honi mara tatu.
"Twende."
"Wapi?"
Akakuna kisogo. Swali hilo
kwa kawaida huliuliza yeye.

Tukashika barabara ya Sikonge, polepole,
polepole hata baiskeli ya mkaa ikatupita mteremkoni,
mwenyewe akageuka kututazama
kama watu wanaosukumwa na upepo
baada ya kuishiwa mafuta.
Nimekaa nyuma, naona anavyogombana na mkono wake wa kulia.
Umezoea kuvuta, leo unaambiwa tulia.
Na kila aliyesimama kando ya njia,
hata anayefunga kamba ya kiatu,
mguu wa Mihayo unagusa breki.
"Mwache," namwambia, "yule anachunga mbuzi."
"Najua," anasema.
Breki imeshakanyagwa.

Tukaacha lami.
Oktoba, miyombo imetoa majani mapya,
mekundu kwanza kabla ya kijani,
wekundu wa kiganja cha mtoto wa siku mbili.
Mvua haijadondosha hata tone. Miti imejuaje?
Mabani ya tumbaku milango wazi,
matupu, bado yananuka msimu uliopita,
na vumbi letu likapita mbele yake
bila haraka ya kutua.

Kwenye kibanda cha nyasi mama mmoja
akatupimia matobolwa kwa kisahani cha bati.
Tukala tumeegemea tanki la moto.
Magumu, matamu,
huwezi kuyameza ukiwa na safari.
Mihayo akatafuna kama anayejifunza.

Hapo akanipa ufunguo.
"Endesha wewe."
Mimi, mshona sare za shule,
ambaye mashine yangu haijawahi kutoka barazani!
"Si unajua kukanyaga?"
Injini ikanizimikia mara mbili,
ya tatu ikakohoa, ikakubali.
Gia ya pili. Ya tatu sikuithubutu.
Yeye nyuma, mikono hajui aiweke wapi,
mapajani, mabegani mwangu, mapajani tena,
kisha kimya.
Kilomita nzima hasemi.
Nikadhani anaogopa.

"Maige. Ule ni mzinga?"
Juu, kwenye panda ya mninga,
gome limeviringwa, limefungwa kamba,
nyuki wakitoka na kuingia kama watu wa sokoni.
"Mzinga."
"Na ule?"
"Mzinga."
"Na kule?"
"Mihayo, umepita hapa mara ngapi?"
Kosa langu, nimemrudisha kwenye hesabu.
Nikasikia vidole vyake vikihesabia begani mwangu:
mara tatu kwa wiki, wiki nne, miezi kumi na sita,
toa ule wa malaria.
Akaacha katikati.
"Njia hii naijua," alisema, "mashimo yake yote.
Linalofuata liko kushoto, baada ya jiwe."
Na kweli, lilikuwa kushoto, baada ya jiwe.
"Ila huku juu," akasema,
"huku juu sijawahi kufika."

Nikapunguza mwendo,
ingawa hapakuwa na mwendo wa kupunguza.

Jua lilipolala tukarudi, yeye mbele, mimi nyuma,
kila mtu mahali pake.
Mlangoni kwangu nikashuka,
mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe,
na kiganja chake, chenyewe, kikafunguka.
Tukatazamana.
Nikamwekea kipande cha mwisho cha matobolwa.
Akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa taa ya mbele,
akatikisa kichwa.
"Ndugu yangu," akasema, "sina chenji."